Msumari wa Shahada

Hiari yashinda utumwa, walinena wahenga, na maana yake ni kwamba afanyaye jambo kwa kupenda humpita mbali anayesukumwa.

Mansuri, mtoto wa mwenye duka la vitenge mjini Kasulu, alikuwa chuo kikuu akisomea kilimo. Fani hiyo aliichagua baba yake, ambaye tayari alikuwa amepigilia dukani msumari wa kutundikia shahada. Basi kijana alisoma kama mbeba mzigo wa mtu. Alikusanya madesa, yale maelezo ya kunakiliana wanafunzi, akakariri majibu ya mitihani iliyopita, na akitoka tu chumba cha mtihani yote yaliyeyuka. Mwenzake Yusta, binti wa kijiji cha Kagerankanda, alikuwa na swali moja: kwa nini migomba ya kwao ilikauka? Swali hilo lilimpeleka maktaba bila kuitwa na mtu.

Mwaka 2014, mhadhiri wao, Dokta Elisante, aliwapeleka Kagerankanda, shambani kwa Mama Nestori. Ambaye angeshindwa kumsaidia mwenye shamba angerudia mwaka.

Mansuri akaitwa wa kwanza. Akakohoa, akaanza, "Magonjwa ya maharage ni matano. La kwanza..."

"We mwanangu," Mama Nestori akamkatiza, "maharage nimeshavuna. Hii ni migomba."

Wenzake wakaangua kicheko. Yusta akakata mgomba, akaonyesha utomvu wa manjano, kisha akakipitisha kisu motoni. "Mama, kisu kisichochomwa hivi ndicho kinachoeneza ugonjwa."

Dokta akampa Mansuri wiki moja ya kujikomboa.

"Njoo," Mama Nestori alimwambia kwa upole, "lakini usije kwa ajili ya maksi. Migomba hii ndiyo chakula changu."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake alifika kabla ya Yusta, aliyekuja kusaidia. Alichoma visu, akang'oa migomba iliyougua, akauliza na kusoma mpaka Yusta mwenyewe akawa anakosa majibu. Wiki ilipokwisha alifaulu, na alisahau hata kuuliza maksi zake.

Mwaka uliofuata alirudi nyumbani na shahada mkono mmoja, mkungu wa ndizi za Mama Nestori mkono wa pili. Baba alipokea shahada, akaukimbilia msumari wake.

"Itundike tu, baba," Mansuri alisema akivaa mabuti. "Mimi nawahi Kagerankanda. Kuna mgomba unanitia wasiwasi."

"Leo? Nani kakutuma?"

"Hakuna, baba," akacheka. "Naenda mwenyewe."

Baba akabaki na shahada mkononi, akitabasamu. Ama kweli, hiari yashinda utumwa.