Besi Aliyepotea Mlango

"Mwenye haya ya kuuliza huimba kwaya ya wengine." Nimekusikia, Ndewawio. Umekaa asubuhi nzima kwenye foleni ya meno nawe unaumwa macho, muuguzi akakupa maneno hayo, na sasa wenzako wanakucheka. Haya, endeleeni kuchambua maharage, mikono isilale. Methali hii ilizaliwa hapa hapa kwetu Machame, mbele ya macho yangu, na ilianza hivi.

Palikuwa na seremala aitwaye Kundaeli, sisi tukimwita Baba Aikande. Alikuwa fundi kweli kweli, lakini mpaka saa sita mchana tu. Baada ya hapo alikuwa wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mlango akiuanza asubuhi, jioni ungekuta bawaba zimepigiliwa upande wa kitasa. Watu walicheka, naye alicheka nao, ila nyumbani kwake hakuna aliyecheka.

Basi binti yake Aikande akaposwa. Desturi yetu mnaijua: upande wa mwanamume wakileta mbege, baba wa binti ndiye hupokea kata ya kwanza, kile kibuyu cha kunywea, na kuonja. Aikande akamwambia, "Baba, nakupenda. Lakini siku hiyo ukiwa umelewa, nitamwomba baba mdogo apokee kata badala yako." Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa.

Alikuwa amesikia kwamba kuna kikundi cha watu walioacha pombe, hukutana kila Alhamisi alasiri kwenye majengo ya usharika wetu. Chumba gani, hakujua. Na angemuuliza nani? Ukiulizia chumba cha walevi, kijiji kizima kitajua kabla hujafika kwako. Akaenda kwa kubahatisha, akaona mlango uko wazi na watu wameketi nusu duara, akaingia. Kumbe chumba kilikuwa changu, mimi mwalimu wa kwaya.

Mimi nikaona mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, na besi zangu wote walikuwa wamehamia Arusha. Sikumhoji. Nilimweka safu ya nyuma nikamshukuru Mungu. Yeye alidhani kikundi hufungua kwa wimbo, kama mikutano mingi. Tulipoingia wimbo wa tatu alijua kwamba amepotea, lakini angesimamaje mbele ya akina mama wote wale aseme anatafuta walevi? Akaimba. Alhamisi iliyofuata akaja tena, maana tulishamzoea, na kutokuja nako kungehitaji maelezo. Nyimbo akazijua, mbege akaendelea kunywa, na siku ya kata ikawa inakaribia.

Alhamisi moja akaja ananuka. Nikawapumzisha wengine, nikamwita kando.

"Baba Aikande, niambie ukweli. Unapenda kwaya?"

Akatazama viatu vyake. "Hapana, Mwalimu."

"Sasa umefuata nini huku?"

"Natafuta wale walioacha pombe. Niliona haya kuuliza."

"Tangu siku ile ya kwanza?"

"Tangu siku ile."

Jamani, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona macho yake yamejaa machozi, kicheko kikaniisha. "Binti yangu atamweka mtu mwingine mahali pangu," akasema. Huruma ikanishika. Nikamkamata mkono kama mtoto wa chekechea, nikamwingiza mlango wa pili. Tulitenganishwa na ukuta mmoja tu.

Ndani alikuwemo Mzee Anaeli, dereva wa lori mstaafu, pamoja na wenzake na birika la chai. Nikasema, "Nimewaletea mtu wenu."

"Huyu si yule besi?" Anaeli akauliza. "Tunamsikia ukutani kila Alhamisi. Tulikuwa tunasema, jamaa huyu anaimba kwa uchungu." Wakacheka wote, na Kundaeli naye akacheka. Anaeli akammiminia chai. "Keti, ndugu yangu. Hapa hakuna wa kumwonea haya. Sote tumetoka huko huko."

Haikuwa rahisi. Kuna wakati aliteleza, akaona haya kurudi, na Anaeli akamfuata karakanani. Hakumhubiria. Alimwambia tu, "Chai ipo." Akarudi.

Siku ya kata ikafika. Mshenga akamnyooshea, naye akaipokea kwa mikono miwili, hajalewa hata kidogo, shati limepigwa pasi. "Kata nimeipokea mimi, baba wa Aikande," akasema. "Kuonja ataonja mdogo wangu, maana mimi nimeacha." Wazee wakatazamana, kwani jambo hilo lilikuwa halijawahi kuonekana. Baba wa bwana harusi akakohoa. "Sisi tumekuja kutafuta ukwe, hatukuja kutafuta mnywaji. Aonje mdogo." Aikande, ambaye bado hakupaswa kutoka ndani, alitoka mbio akamkumbatia baba yake, na vigelegele nilivianza mimi.

Tangu hapo Kundaeli hukaa karibu na mlango kila Alhamisi. Akimwona mtu anazunguka uani akijifanya anatazama maua, humfuata. "Ndugu, kwaya ni mlango ule, sisi ni huu. Mimi niliona haya kuuliza, nikaimba kwaya ya wengine." Ndipo watu wakaudaka msemo. Na Jumapili bado huniimbia besi, siku hizi kwa kupenda mwenyewe.

Haya, Ndewawio, kesho ukifika hospitali utafanya nini?

"Nitauliza, Bibi."

Uliza, hata wakicheka. Mwenye haya ya kuuliza huimba kwaya ya wengine.