Nywele Saba za Tumu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliokula juzi. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa nimesikia. Watoto kaeni mbele. Wakubwa kaeni popote, lakini msisinzie, maana hadithi hii inawahusu ninyi zaidi. Na wewe binti uliye kule nyuma, uliyejifunika mtandio mpaka puani na vumbi halipo, sikuulizi kitu. Sikiliza tu.

Hapo kale, kale ya kabla ya bibi wa bibi yangu, wanyama walikaa katika bonde moja. Bonde lilikuwa na chemchemi moja. Chemchemi ilikuwa na msimamizi mmoja. Nani? Kanga! Yule ndege mwenye madoa mwili mzima na uso mtupu usio hata na unyoya.

Desturi ya bonde ilikuwa hii. Binti akikua, hupewa kata yake, kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu. Mwenye kata huchota maji. Asiye na kata hachoti, na kata haiazimwi. Husimama pembeni na mtungi wake, akaomba: "Nichotee, dada. Nichotee, shangazi." Na kata hutolewa mara moja tu kwa mwaka, asubuhi ya ngoma ya mabinti. Mabinti hupanga mstari. Kanga hupita. Pwa, pwa, pwa. Humpapasa kila binti kidevu kwa ubawa wake. Kidevu kikiwa laini, husema, "Chukua kata!" Kikiwa na nywele, husema, "Rudi nyumbani, mpaka mwakani!"

Nani aliweka sheria hiyo? Kanga. Kwa nini? Siku moja alijitazama majini, akauona uso wake hauna kitu, akasema, "Hivi ndivyo uso wa kike unavyotakiwa kuwa." Basi. Hakuna zaidi. Sheria nyingi zimezaliwa hivyo hivyo, msinitolee macho.

Sasa, palikuwa na binti mmoja, mtoto wa Paa, jina lake Tumu. Mbio anazo. Ngoma anaijua. Adabu usiseme. Baba yake alichukuliwa na chui. Mama yake, Mama Paa, alinaswa mguu na mtego, na tangu hapo hawezi kuteremka bondeni. Kila siku Tumu hubeba mtungi, akamwomba jirani yao Mama Ngiri amchotee. Siku ambayo Mama Ngiri hakwenda chemchemini, Tumu na mama yake walilala na kiu.

Mama Ngiri alikuwa mwema sana. Ila alikuwa na jambo lake. Miaka yote alifunga jani la mgomba kuzunguka mashavu na kidevu, fundo likakaa utosini. Ukimwuliza, husema, "Jino, mwanangu. Jino linaniuma." Jino gani linauma miaka kumi na mitano? Hakuna aliyeuliza.

Basi Tumu akaingojea kata. Akaingojea, akaingojea. Mwaka wake ukafika. Zikabaki siku kumi tu. Asubuhi moja akainama majini ajitazame. Lo! Kidevuni pana unywele. Akatazama vizuri. Wa pili. Wa tatu. Akahesabu mpaka saba! Nyeusi, ngumu, zimesimama wima.

Wenzake nao wakaziona. Mwajua wasichana wakiona kitu. Wakashikana mikono, wakaimba:

"Kichaka, kichaka!
Kidevu cha Tumu kichaka!
Nani atakifyeka?
Kanga! Kanga!"

Tumu akaacha mtungi pale pale, akakimbia. Tipu, tipu, tipu, mpaka porini. Huko akakutana na nani? Fisi.

"Hii hii hii! Binti Paa, mbona unatembea umeficha uso?"

"Sina kitu."

"Hata nywele huna?" Fisi akacheka. "Usilie. Dawa ninayo. Vunja tawi la mnyaa, utomvu wake mweupe upake kidevuni. Nywele zote kwaheri."

"Hauunguzi?"

"Unawasha kidogo tu. Mimi mwenyewe hupaka kila siku."

Mwenye akili timamu angemtazama huyo Fisi, manyoya yamemjaa toka sikio hadi mkia! Lakini mfa maji haishi kutapatapa. Tumu akavunja tawi. Akapaka. Sssss! Kidevu kikawaka moto. Kikavimba. Kikatoka malengelenge. Na nywele je? Zote saba zipo, zimesimama juu ya uvimbe. Fisi akacheka mpaka akakaa chini.

Tumu akarudi nyumbani analia. Mama yake akamwona, akashika kichwa.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimepaka dawa ya Fisi. Nataka kata, mama. Nataka unywe maji bila mtu kutuonea huruma."

Mama Paa akamkalisha karibu. Kisha akasema, "Kosa ni langu. Nilijua siku hii itafika, nikaona haya kukwambia. Nikamwachia Fisi akufunze. Nenda kwa somo yako, sasa hivi."

Mnajua somo? Ndiye mwanamke anayemfunda binti mambo ya mwili wake, yale yanayomkwama mama kooni. Somo wa Tumu alikuwa Nungunungu. Ndiyo, Nungunungu, yule mwenye miiba mgongo mzima. Kanga hakuwahi kumpapasa huyo hata siku moja, ubawa wake anaupenda.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Inua uso. Inua, mwanangu, mimi sikuogopi."

Nungunungu hakucheka. Alipasua jani la mshubiri, akampaka ule ute baridi. Leo akampaka, kesho akampaka, kesho kutwa akampaka. Uvimbe ukashuka. Malengelenge yakakauka. Siku ya nane kidevu kikapona, na nywele saba zikabaki. Hapo Nungunungu akang'oa miiba yake miwili myembamba, akaishika kama koleo.

"Sasa nikuulize. Wewe unataka zitoke, au wao ndio wanataka zitoke?"

Tumu akafikiri. "Sijui, somo."

"Umejibu vizuri. Wengi hunidanganya. Haya, sikiliza. Naweza kuzing'oa, ndwi, ndwi, saba zote. Inauma kidogo, na zitarudi. Naweza kuzipunguza zikawa fupi. Hiyo haiumi. Au naweza kuziacha. Lolote utakalochagua, hujakosa. Nywele si uchafu. Nywele si ugonjwa. Bibi yako mzaa mama alikuwa nazo tisa."

"Bibi? Mbona sikuziona?"

"Kila alfajiri alikuwa akikaa hapo ulipokaa wewe."

Tumu akashangaa. Akasema, "Ngoja nifikiri, somo." Na kwa kuwa binti aliyetibiwa na somo humfagilia ua, akachukua ufagio. Fya, fya, fya. Akafagia mbele. Fya, fya, fya. Akafagia nyuma ya nyumba. Ufagio ukagonga rundo. Rundo la nini? La nywele! Rundo lenyewe linamfika magotini. Nywele nyekundu, nywele za kijivu, nywele nyeupe, ndefu, fupi, laini, ngumu kama za ufagio wenyewe.

"Somo! Hizi ni za nani?"

"Somo hataji majina."

"Ni za uso mmoja?"

"Macho unayo."

Tumu akalitazama lile rundo. Akalitazama tena. Aibu ikamtoka, hasira ikaingia mahali pake. Hasira nzuri, ile ya kusimamisha mtu, si ile ya kuvunja vyungu.

"Kwa hiyo tunazo wengi, na kila mmoja anajificha peke yake?"

"Ndiyo."

"Na Kanga anajua?"

"Kanga hupapasa videvu. Hajawahi kuuliza vimelainishwa na nani."

"Basi zangu ziache, somo."

"Utakosa kata, mwanangu. Na mama yako ana kiu."

"Mama ana kiu. Ndiyo maana nakwenda kuidai."

Asubuhi ya ngoma ikafika. Ndi-ndi-ndi, ndi-ndi! Bonde zima limekuja. Mabinti wamepanga mstari. Mama zao wako nyuma, wamejipamba. Kanga huyo, anapita. Pwa! "Laini. Chukua kata." Pwa! "Laini. Chukua kata." Pwa... akafika kwa Tumu. Kwaruu!

"Nini hiki?" Kanga akauliza.

"Nywele zangu, Bibi Kanga."

"Naona ni nywele! Rudi nyumbani, mpaka mwakani!"

"Sirudi."

Ngoma ikanyamaza. Katika bonde lile neno hilo halikuwahi kusikika.

"Umesemaje?"

"Nimesema sirudi. Bibi Kanga, kata hushikwa na nini?"

"Na mkono."

"Mtungi hubebwa na nini?"

"Na kichwa."

"Kidevu kina kazi gani chemchemini?"

Watu wakaguna, wengine wakacheka chini chini. Kanga akavimba madoa yote. "Huna adabu!"

"Adabu ninayo. Nimekuamkia. Nimesimama mstarini. Nimengoja mwaka mzima. Ningeweza kuja hapa kidevu kimeng'olewa nywele, ukaniita laini, ukanipa kata yangu. Nimekataa. Mama yangu ana koo linalokauka kama lako. Nipe kata."

"Mwanamke wa bonde hili hana nywele usoni!" Kanga akapiga ukelele. "Hajawahi kuwa nazo! Hatakuwa nazo!"

Mama wote wanatazama ardhi. Tumu amesimama peke yake, wala haondoki. Moyo wake ulisema, mwisho wangu ndio huu, nitaomba maji mwaka mwingine mzima.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Kanga."

Alikuwa Mama Ngiri.

"Una nini, Mama Ngiri? Jino?"

"Jino langu halijapata kuuma hata siku moja."

Akapeleka mkono utosini. Akafungua fundo. Jani la mgomba likaanguka, pa! Na mashavuni mwa Mama Ngiri zikateremka nywele nyeupe, ndefu, nene, huku na huku, upepo ukazichezea.

"Nimechota hapa miaka kumi na mitano na ndevu zangu chini ya jani," akasema. "Maji yamepungua? Yameoza? Huyu mtoto ana nywele saba, nami mtu mzima nimekaa kimya anafukuzwa. Nimeona haya. Si haya ya ndevu. Haya ya kunyamaza."

Kisha Bibi Kima akajifuta unga wa muhogo aliokuwa akijipaka kidevuni. Mwingine akashusha ukaya, kitambaa kilichomfunika kidevu. Mwingine akasema tu, kwa sauti ndogo, "Mimi hung'oa. Kila Ijumaa." Mabinti wakawatazama mama zao kama ndiyo kwanza wanakutana nao. Na yule yule binti aliyeanzisha wimbo wa kumcheka Tumu akauanzisha tena, lakini safari hii machozi yanamtoka:

"Kichaka, kichaka!
Kidevu cha Tumu kichaka!
Nani atakifyeka?"

Tumu akaitikia peke yake:

"Mwenyewe! Mwenyewe!"

Bonde zima likapokea: Mwenyewe! Mwenyewe!

Kanga alisema samahani? Thubutu! Alirukia juu ya kichuguu, ket-ket-ket-ket, na mpaka leo ukimsikia porini bado anagomba. Tumu hakumngoja. Alinyoosha mkono, akaichukua kata yake mwenyewe. Akainama. Akachota. Mtungi ukajaa mpaka shingoni. Akapanda nao nyumbani, akamnywesha mama yake kwa kata ile ile, na Mama Paa akanywa, akanywa, akamshika mwanawe kidevu mbele ya majirani, wala hakukifunika.

Mwezi ukapita. Siku moja ya joto Tumu akaenda kwa Nungunungu.

"Somo, nipunguzie hizi."

"Mbona? Si umeshinda?"

"Nimeshinda. Leo zinaniwasha. Leo nataka mimi."

Nungunungu akacheka mpaka miiba ikalia cha-cha-cha, akampunguzia. Mwaka uliofuata Tumu aliziacha. Mwaka mwingine tena akazing'oa, siku ya arusi yake, kwa kuwa ilimpendeza hivyo. Hakuna aliyemwuliza.

Haya. Funzo lake nalitaja wazi, asije mtu akasema hakusikia. Uso ni wa mwenye uso. Atakaye kunyoa anyoe, atakaye kuacha aache, na asiyeombwa shauri anyamaze. Nanyi wakubwa, mkimwona mtoto anaficha kidevu, msimwachie Fisi. Mwambieni mapema yale mliyoyaficha ninyi chini ya majani yenu ya mgomba.

Hadithi yangu nimeitua hapo, kama mtungi uliojaa. Mwenye kiu na achote.

Na wewe binti uliye nyuma, nimekuona. Umeshusha mtandio. Sogea mbele, mwanangu, nafasi ipo.