Kwa Nini Barabara ya Haskra Hupanda Mlima Kwanza

Zamani hizo, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti vikiwa havijajua lami wala feri, watu wa kisiwa cha Haskra walijenga nyumba zao zikikipa mgongo kisiwa cha Lunei. Visiwa hivyo viwili vilikaribiana hata upepo ukitulia jogoo wa huku alisikika kule. Lakini kati yake palikuwa na mlango wa bahari ambamo maji yalikimbia kama mto uliofurika, na miaka mingi nyuma mashua iliyowabeba watu wa Haskra kwenda harusini Lunei ilizama humo. Hakurudi hata mmoja. Ikasemwa Haskra kwamba wenyeji wa Lunei waliwatazama wakifa, wasirushe kamba. Tangu hapo hakuvuka mtu. Aliyetaka kusafiri aliondokea upande wa mashariki, akaenda zake bara.

Huko bara, katika msimu wa kusafisha samaki, ndiko Kirsti, binti wa pekee wa mjane Marsali, alikokutana na Torkil, mchunga kondoo wa Lunei. Wakapendana. Marsali alikataa, akalia, akanuna siku nyingi, na mwishowe akaridhia, kwa kuwa hakutaka mwanawe aende na kinyongo cha mama mgongoni. Siku ya kuagana Kirsti alimwambia, "Mama, kila asubuhi nitawasha moto. Ukiuona moshi wangu, ujue nimeamka salama."

Visiwa vile havina miti ya kutosha kwa kuni. Watu huchimba udongo mweusi wa kinamasi, wakaukausha kwa upepo na kuuchoma, na moshi wake ni mzito, huonekana mbali. Ila nyumba ya Marsali ilikuwa bondeni, na hata ukisimama ufukweni, kijumba cha Kirsti kule ng'ambo kilifichwa na rasi ya mawe. Palibaki mlimani tu. Basi kila asubuhi Marsali alijifunga shali, akapanda pasipokuwa na njia, akishika miamba na kukanyaga vichaka vya maua ya zambarau, hadi akafika kwenye bega la mlima.

Mara ya kwanza alisahau kilichompeleka. Alikuwa amezaliwa Haskra, amezeekea Haskra, na hakujua kwamba nyuma ya mlima wake kuna vitu vile: visiwa vikifuatana hadi upeo wa macho, kila kimoja kikiwa na buluu yake, mvua ikitembea juu ya bahari huku jua likiwaka kando yake, sili, wale wanyama wanene wa baharini, wamejilaza mwambani kama wanawake wanaopiga soga. Kisha akauona moshi wa Kirsti, mwembamba, umesimama wima. Alikaa chini akautazama mpaka miguu ikafa ganzi.

Akawa anapanda kila siku, masika na kiangazi na theluji. Majirani walisema akili imemtoka. Lakini nyayo zake zilichora njia, na macho yake yakazoea bahari. Akagundua kwamba ule mkondo haukimbii daima. Maji yakishajaa, kabla hayajaanza kupwa, hulala kidogo, yakatulia kama maziwa bakulini.

Ikaja asubuhi moja ya majira ya baridi, moshi haukuonekana. Marsali aliungoja hadi mchana. Alipoangaza vizuri, akaona kwamba pwani nzima ya Lunei haikuwa na moshi hata wa nyumba moja. Alishuka mbio, akaanguka, akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Ruari, mkuu wa wavuvi, akamwomba mashua na wapiga makasia.

Ruari alikuwa mtu mzima mwenye maneno machache. Alimwambia kwamba baba yake alikuwa katika mashua ile ya harusi, na kwamba yeye hatampeleka mtu yeyote kufia mahali pale, tena kwa ajili ya watu wale.

Marsali hakubishana naye. "Panda nami," alisema. "Nimeyatazama maji yale kuliko nilivyoutazama uso wangu. Yaone kwa macho yako, kisha unikatalie."

Ruari akapanda. Alipofika juu maji yalikuwa yanaanza kutulia, na mbele ya macho yake mkondo uliomuua baba yake ukalegea, ukanyamaza. Ng'ambo aliona mazizi, mashamba yaliyolimwa vizuri, nguo zimesahauliwa kwenye kamba. Kisha akasema kwamba maisha yake yote alidhani kule ni mawe matupu. Akashuka kuwaita vijana wake.

Walivuka maji yalipolala tena. Walikuta homa imeangusha pwani nzima. Kirsti alikuwa kitandani na mtoto mchanga ambaye bibi yake hakujua amezaliwa, na Torkil alikuwa amelala sakafuni karibu na meko, pale alipoishiwa nguvu akijaribu kuwasha moto. Marsali aliwasha moto ule kwa mikono yake. Watu wa Haskra waliingia nyumba kwa nyumba, wakapika mchuzi, wakalisha kondoo, wakawanywesha wagonjwa. Kirsti akapona, na mtoto, na Torkil. Baba yake Torkil hakupona.

Ruari ndiye aliyechukua sepetu kwenda kuchimba kaburi. Huko makaburini alikuta safu ya mawe yasiyo na majina, yamefagiwa, hayana hata jani la gugu. Akamuuliza Torkil, aliyekuja akijikongoja, waliolala pale ni akina nani.

"Ni watu wenu," Torkil alimjibu. "Bahari ilipowatema, wazee wetu waliwazika pamoja na wale wa kwetu waliozama wakijaribu kuwaokoa. Tumewatunza tangu hapo."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tungewaambiaje? Mliacha kuja, na bila kuyaona mawe haya msingeamini."

Ruari aliketi kati ya mawe yale. Kwa kuwa hakujua lipi lilikuwa la baba yake, aliyagusa yote, moja baada ya jingine.

Baada ya hapo alivusha watu kila maji yalipolala: jamaa wa marehemu kwanza, kisha wachuuzi, kisha maharusi. Miaka ikapita, mashua ikawa feri, na wakaja wajenzi wa barabara. Walitaka kuipitisha ufukweni, mahali tambarare, wafike gatini upesi. Watu wa Haskra walikataa. Ruari, mzee wa mkongojo wakati huo, aliwaambia kwamba asiyepita juu kwa Marsali atafika gatini bila kujua anakwenda kwa nani.

Na tangu siku hiyo barabara ya Haskra huuacha ufukwe, ikapanda, ikajikunja kwenye miamba hadi kwenye bega la mlima, ndipo inapokubali kushuka baharini. Madereva wageni hunung'unika wakiwa njiani, halafu wakifika juu huzima injini bila kuambiwa na mtu. Na nahodha wa feri, akiona gari limesimama kule juu na muda wa kung'oa nanga umewadia, huwangoja kidogo. Anajua kinachowachelewesha.