Bwawa la Mheshimiwa Liko Mahakamani

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile wanyama walipovaa viatu na kulipa kodi ya nyumba kama sisi, palikuwa na Pimbi mmoja mwenye digrii ya sheria. Digrii yenyewe aliitundika juu ya jiko, ikawa inakula moshi, maana kila alikoomba kazi aliambiwa arudi akiwa na uzoefu. Uzoefu angeupata wapi bila kazi? Hilo hawakumwambia.

Jirani yake, bwana Nguchiro, alikuwa jela. Jela yao ilikuwa mashimo marefu kando ya mto. Siku moja Mama Kanga alirudi kutoka sokoni, akakuta maganda matupu kiotani na Nguchiro amelala fofofo pembeni. Akapiga yowe. Nguchiro na mayai, nani angeuliza zaidi? Hakimu Kiboko akapiga mguu chini, pu! Kifungo cha maisha.

Kesho yake vifaranga wakatoka majanini, chio chio chio, wanamtafuta mama yao. Kumbe mayai hayakuliwa. Yalianguliwa, na watoto wakaenda kutembea.

Mama Kanga mwenyewe akafunga mbio hadi kortini pamoja na Pimbi, wakaomba hukumu ipitiwe upya. Kiboko akawasikiliza, akapiga miayo, akasema, "Nimewasikia. Nitatoa uamuzi nikishakoga." Akajitosa bwawani, chubwi! Ikawa ndiyo basi.

Na hakuwafanyia wao tu. Wafungwa wote walikuwa hivyo. Asubuhi Mheshimiwa anasikiliza maombi, jua likipanda anakwenda kukoga, na bwawa lake lilikuwa na baridi tamu, kutoka ni kazi. Ukimuuliza karani wake, Kasuku, anakujibu kwa Kiingereza chake cha kuokota: "Pending. Pending. Next."

Vifaranga wakakua, wakaota mbawa, wakawa wao ndio wanaompelekea Nguchiro uji shimoni na kumwita mjomba. Hebu fikirini: mtu amefungwa kwa kuwala watoto, na watoto haohao ndio wanaomlisha!

Kisha masika yakakaribia. Masika yaliyopita maji yalimfika Nguchiro shingoni, akasimama kwa ncha za vidole mpaka mvua ilipokatika. Sasa mgongo ulikuwa umepinda.

"Pimbi, ndugu yangu," alisema kutoka chini, "mwaka huu maji yatanipita. Waambie wanangu..."

"Utawaambia mwenyewe," Pimbi akamkatiza, akaondoka haraka asije akaonekana machozi.

Akaenda kumwomba Kiboko mfungwa ahamishiwe angalau shimo kavu. Kiboko akatoa pua tu majini. "Kijana, wewe si umesoma? Jambo likiwa mahakamani haliguswi. Hata mimi siligusi."

"Haliguswi," Kasuku akarudia. "Haliguswi."

Pimbi akafungua mdomo atukane, mara wazo likamjia. Akarudi nyumbani akicheka peke yake njia nzima. Waliomwona wakasema masomo yamempanda kichwani.

Asubuhi yake, Kiboko akiwa bado nchi kavu, Pimbi akaja kortini amevaa tai.

"Mheshimiwa, nina dai. Bwawa hili ni la bibi yangu mzaa mama. Alijitwika mtungi, akajikwaa hapa, maji yakamwagika. Ndiyo haya."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likamtikisika. "Bwawa zima, kutoka mtungi mmoja?"

"Ulikuwa mtungi mkubwa, Mheshimiwa."

"Upuuzi. Nitauamua nikishakoga." Akatia mguu majini.

"Haliguswi!" Kasuku akapayuka. "Bwawa liko mahakamani! Haliguswi!"

Baraza zima likamgeukia Kiboko. Kiboko akautoa mguu polepole, kama aliyekanyaga mavi. Sheria ni yake, maneno ni yake, na mashahidi ni wote waliokuwapo.

"Basi dai lako nalitupa sasa hivi, khalas."

"Ningeshukuru," Pimbi akasema kwa adabu zote za chuo, "ila naona aibu kuwaruka wenzangu. Sheria yako inasema aliyetangulia aamuliwe kwanza. Mimi ni wa mwisho. Wa kwanza ni Nguchiro."

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikakakamaa, ikaanza kupasuka, pa, pa, na jasho lake jekundu likamchuruzika. Bwawa linameremeta pale pale chini ya pua yake. Mwishowe akanguruma kwamba aletwe huyo Nguchiro, na waje na hao wanaosema hawakuliwa.

Kanga mmoja mchanga akasogea, akapiga goti. "Shikamoo, Mheshimiwa. Mimi ndilo yai."

"Yai lipi?"

"Lililoliwa."

Watu wakavunjika mbavu. Kiboko akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kucha. "Nguchiro hana hatia, aende zake. Anayefuata, upesi!"

Ile kesi iliyolala tangu vifaranga hawajui kudonoa ilichukua muda wa kumenya ndizi! Akaendelea, mmoja baada ya mwingine. Wengine akawafungua, wengine akawaambia hukumu yao ni halali, wakahamishiwa shimo la juu, kavu, maana kesi zao hazikuwa tena mahakamani, wakinung'unika lakini wamejua moja. Jua lilipoinama akabaki Pimbi peke yake.

"Haya, mwanangu Pimbi," Kiboko akasema, sauti imekauka kama kuni. "Na wewe tukumalize."

Pimbi akanyoosha tai. "Mheshimiwa, wakili wangu hajafika, na jambo lenyewe linahitaji kufikiriwa. Nitakujibu nikishakoga."

Akaenda zake nyumbani, kwenye beseni lake.

"Pending," Kasuku akasema.

Jioni ile masika yakaanguka. Kiboko akalala chali matopeni, mdomo wazi, akishukuru kwamba mvua haina kesi. Shimo la Nguchiro likajaa hadi ukingoni, na ndani hamkuwa na mtu. Mwenyewe alikuwa mezani kwa Mama Kanga, wanawe wa kuzaa wamemkalia mapajani. Alipoulizwa apikiwe nini, alisema chochote, mradi yasiwe mayai.

Basi, wanangu, ukipewa kazi ya kuamua shida ya mwenzako, amua kwanza, koga baadaye.