Mama Mkwe Kwenye Foleni

Makokha, mwenyekiti wa soko la Namulembo, alichaguliwa kila mara kwa foleni: watu walijipanga nyuma ya wamtakaye. Aliyejipanga nyuma ya mpinzani alinyang'anywa kibanda.

"Mwenyekiti, tuwekee sanduku tupige kura ya siri," alimwomba Nasipwondi, mama muuza dagaa wa omena.

"Siri ni ya wachawi! Anayenitaka asimame nyuma yangu, nimwone."

"Yeyote?"

"Yeyote mwenye kibanda hapa!"

Siku ya uchaguzi, bibi mmoja aliwahi foleni, akasimama akimpumulia Makokha kisogoni. Makokha aligeuka, akaruka. Alikuwa mama mkwe wake! Nasipwondi alikuwa amemgawia nusu ya kibanda chake. Na kwa mila zao, mwanamume hamkaribii mama mkwe wala hasemi naye.

Makokha alisogea, bibi naye akasogea. Walizunguka soko zima, foleni yote ikifuata nyuma.

"Leteni sanduku!" Makokha alilia.

Kura zilipohesabiwa, alikuwa na moja tu, ile yake mwenyewe.

"Nasipwondi! Ina maana hata mama mkwe wangu ameninyima kura?"

"Sijui, mwenyekiti. Si umuulize?"