Wanyapara Arobaini Kasoro Mmoja

Hapo zamani, katika mji wa Mkwaruni, usiku mmoja ulisikika mshindo mmoja tu: puu! Watu wakaamka, wakatoka na taa zao, wakaukuta ukuta wa ghala jipya la Sultani umelala chini kama mlevi. Ghala lenyewe lilikuwa halijatimiza hata mwezi.

Basi sababu ilijulikana na kila mtu, isipokuwa wale waliowekwa ili waijue. Sultani Zahrani alikuwa amemleta kutoka ng'ambo mwalimu aitwaye Burhani, awafunze wanyapara wapya namna ya kusimamia kazi. Burhani hakuwahi kupanga jiwe juu ya jiwe, wala kukoroga chokaa, wala kutoka jasho ila mbele ya sinia la pilau. Akafundisha siku arobaini barazani. Alifundisha kukohoa kabla ya kusema, kukunja uso, kushika bakora kwa vidole vitatu, na kutamka "Haraka!" kwa sauti tano mbalimbali. Alifundisha pia kwamba aliyehitimu hashiki jiwe tena. Na somo alilolipenda kuliko yote ni kwamba nyapara hamwiti mfanyakazi kwa jina. "Ukilijua jina lake utamhurumia," alisema, "ukimhurumia utamsikiliza, na ukimsikiliza umekwisha."

Basi wajenzi arobaini wakaitwa kwa nafasi zao katika mstari, na fundi mkuu, mzee aliyejenga nusu ya mji ule, akawa Wa Tisa.

Ikawa chokaa ilipotoka tanuuni, Wa Tisa alimwendea nyapara. "Bwana, hii iloweshwe kwanza, ilale shimoni miezi mitatu. Bado ina moto ndani."

Nyapara akakohoa, akakunja uso. "Wa Tisa, hukuulizwa. Haraka!"

Ukuta ukajengwa kwa chokaa mbichi, nao ukasimama siku ishirini na mbili, kwa kuona haya tu.

Kulipokucha Sultani akaketi barazani, akauliza kosa ni la nani. Burhani akainama mpaka kilemba kikagusa zulia. "Maulana, wanyapara wangu hawakukosa. Walikohoa vema, walikunja uso vema. Kosa ni la Wa Tisa."

"Atiwe gerezani," akasema Sultani, "kisha atolewe mjini, asirudi hata kuzikwa."

Hapo mtu akacheka. Naye alikuwa Vuai, mchota maji wa wajenzi, mtu asiye na kitu ila kanzu moja yenye viraka vingi kuliko kitambaa.

"Wacheka nini, ewe fukara?"

"Nacheka kwa furaha, Maulana. Nilidhani ukuta hujengwa kwa chokaa, kumbe hujengwa kwa kikohozi."

Sultani akaghadhibika. "Basi wewe utausimamisha ukuta ule, kwa siku saba! Ukiweza, Wa Tisa atatoka gerezani. Ukishindwa, mtatolewa mjini pamoja."

"Nimesikia na nimetii. Lakini naomba jambo moja. Wajenzi waliobaki, thelathini na tisa, wapite kwanza katika darasa la mwalimu huyu. Mambo mazuri hayafai kunyimwa watu."

Burhani akavimba kwa kusifiwa. "Aliyepita kwangu, Maulana, aweza kusimamia kazi yoyote iliyo chini ya jua."

"Na wakihitimu," Vuai akauliza, "watakuwa wanyapara kweli, kwa heshima zote na sheria zote?"

"Kwa heshima zote na sheria zote," akasema Sultani, akapiga muhuri.

Basi Burhani akalifupisha darasa la siku arobaini likawa la siku sita, na hakuna kilichopungua.

Siku ya saba Sultani akaenda na watu wake kuutazama ukuta. Akakuta mawe pale pale yalipoangukia, na kuku amekwisha kutaga kati yao. Mbele ya mawe walisimama watu thelathini na tisa, kila mmoja na bakora yake, nyuso zimekunjwa, wanakohoa kama mbuzi wa masika. "Haraka!" wa mwanzo alimwambia jirani yake. "Haraka!" jirani akamwambia wa pili yake, na neno likaenda mpaka mwisho wa mstari, likarudi.

"Vuai! Ukuta wangu u wapi?"

"Unasimamiwa, Maulana. Tangu dunia iumbwe hakuna ukuta uliopata wasimamizi wengi kama huu."

"Na nani anajenga?"

"Hakuna. Sheria ya mwalimu ni kwamba aliyehitimu hashiki jiwe."

Sultani akamnyoshea mmoja kidole. "Wewe, Wa Pili, shika jiwe!"

Yule mtu akakohoa kwanza. "Maulana, Wa Pili alikwisha kuhitimu. Mimi ni Nyapara."

Watu wakaangua kicheko. Burhani akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akakalia mayai ya kuku.

"Yupo basi ajuaye kazi ambaye hakuhitimu?" Sultani akauliza, sauti imepungua.

"Mmoja tu, naye umemfunga."

"Akitoka leo, ukuta utasimama leo?"

"Miezi mitatu, Maulana. Chokaa haikupita darasani, haisikii haraka."

Sultani akaenda gerezani mwenyewe, Vuai na watu nyuma yake. Mlinzi akafungua mlango, akaita, "Wa Tisa!" Wakainuka watu sita: Wa Tisa wa machimboni, Wa Tisa wa mashamba ya chumvi, na wengineo, wote wamefungwa na wanafunzi wa Burhani. Mzee mmoja hakuinuka. Alikaa chini, ameupa mlango mgongo.

"Huyo ndiye," akasema Vuai. "Aliitika hivyo mwaka mzima, sasa amechoka. Mwite kwa jina lake."

"Silijui."

"Unalijua, Maulana. Ulipokuwa mtoto ulitoroka kwenu kila asubuhi ukacheze na chokaa yake. Siku ilipokubabua mikono, nani aliyeipaka mafuta ya nazi, akakubembeleza, kabla mama yako hajaona?"

Sultani akaitazama mikono yake, kisha akavua viatu, akaingia ndani, akachuchumaa sakafuni nyuma ya yule mzee. Hakukohoa. Hakukunja uso.

"Mcha," akasema, kwa sauti ambayo hakufunzwa na mtu. "Baba yangu Mcha bin Ussi."