Mikono ya Atuganile Msimu wa Pareto

"Usitaje upele kabla hujauliza mkono ulishika nini." Jana mlimsikia shangazi yenu akimkemea jirani kwa maneno hayo, mkacheka, kisha mkauliza yametoka wapi. Sogeeni basi karibu na moto, maana kisa chenyewe ni cha nchi ya baridi. Maneno hayo yalizaliwa hivi.

Miaka ile miteremko ya milima ya Uporoto ilikuwa myeupe kwa maua ya pareto. Ukisimama juu asubuhi, ukungu unapoanza kupanda, ungedhani mtu ameanika mashuka mlima mzima. Wanawake walichuma ua moja moja kwa mikono yote miwili, vikapu kiunoni, huku wakitaniana kutoka tuta hadi tuta. Jioni harufu ya maua yaliyokuwa yakikaushwa kwenye tanuri ilishuka mpaka jikoni, ikaingia hata kwenye maziwa. 

Huko ndiko alikoolewa Atuganile, binti wa Kyela, nchi ya joto na mpunga kando ya ziwa. Mumewe Lwitiko alimleta kutoka Kyela mwanzoni mwa msimu, akarudi machimboni Chunya, akamwacha kwa wazazi wake pamoja na mtoto wao Lusajo, wa miezi minane. Mama mkwe, Subilaga, alikuwa mwanamke mchapakazi, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Baba mkwe, mzee Ambilikile, Atuganile hakuwahi kumwona uso. Ndiyo ilikuwa desturi ya Wanyakyusa: mke wa mwana na baba wa mumewe hawatazamani wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mwanamke huingia majanini akajifunika kitenge, na mzee mwenye adabu zake hukohoa tangu mbali. Atuganile alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi tu.

Wiki ya tatu ya kuchuma, mikono yake ikaanza. Kwanza wekundu, halafu vipele vidogo vyenye maji, halafu ngozi ikapasuka. Kope zikavimba, shingo ikawaka kama iliyopakwa pilipili. Lusajo naye, ambaye alitoka Kyela na mashavu makavu yenye magamba, akazidi kujikuna kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti.

Subilaga alitazama mara moja tu.

"Upele," akasema. "Umetuletea upele wa ziwani, mama Lusajo. Na mtoto umeshamwambukiza."

"Mama, mimi sidhani kama..."

"Nina macho."

Dawa ya upele siku hizo ilikuwa moja: unasuguliwa kwa gunzi la mahindi mpaka vipele vipasuke, kisha unapakwa kiberiti upele, ule unga wa manjano, uliochanganywa na mafuta. Atuganile akasuguliwa, akapakwa, akawaka moto zaidi ya jana. Sahani yake ikatengwa, kikombe chake kikatengwa. Wifi yake Tumwike, aliyelala naye kitanda kimoja tangu siku ya kufika, akaambiwa ahame. Yote hayo aliyavumilia. Lakini Jumatano, wakati wa kula, Subilaga akasema huku akifuta vidole:

"Jumamosi dada yangu anakuja kutoka Tukuyu kumchukua mtoto. Huko ataachishwa ziwa, apone."

Atuganile alisikia maziwa yakimchoma kifuani.  Mke mgeni atamwambia nini mama mkwe?

Kesho yake mchana, Subilaga alikuwa uani anamsugua Lusajo, na mtoto analia hadi sauti inakatika. Ghafla kikohozi kikasikika. Atuganile akaruka ndani ya jiko, akavuta mlango. Mzee Ambilikile, aliyekuwa anatoka kwa ng'ombe, akasimama nje akiupa mgongo ukuta wa mianzi wa jiko.

"Mama Lwitiko, huyo mtoto unamwogesha au unamchuna?"

"Namtoa upele."

"Nani kasema ni upele?"

"Mimi. Nimeuona."

"Mimi siruhusiwi kuona," mzee akasema. "Basi nisaidie kuuliza. Mwulize mama wa mjukuu wangu, unamwasha zaidi wakati gani?"

Atuganile alikuwa hatua mbili kutoka hapo na kila neno alilisikia. Hata hivyo Subilaga aliingiza kichwa mlangoni. "Unaulizwa, unakuwasha wakati gani?"

"Mchana, mama. Nikiwa shambani, jua likiwa kali."

"Mchana," Subilaga akamtangazia mumewe, kana kwamba yuko ng'ambo ya mto.

"Upele husubiri watu walale. Mwulize, katikati ya vidole kukoje? Na kiunoni?"

"Hamna kitu, mama. Ni migongo ya mikono, na uso, na shingo."

"Yaani pale nguo inapoishia," mzee akasema taratibu. "Na Tumwike, aliyelala naye kitanda kimoja mwezi mzima, anajikuna?"

Subilaga akaligeuzageuza gunzi mkononi.

"Mama Lwitiko?"

"Hajikuni," Subilaga akakubali. "Wala mimi sijikuni. Lakini..."

"Na zile siku nne za mvua, mliposhindwa kwenda kuchuma?"

Hapo Atuganile akasahau desturi yote. "Ulipoa!" akapaza sauti. "Siku ya nne niliweza kukunja ngumi!"

Akajiziba mdomo. Subilaga akashika kichwa. Mzee akakohoa, tena kikohozi kirefu chenye kicheko ndani yake.

"Sikusikia kitu mimi. Mama Lwitiko, amesema nini?"

"Amesema ulipoa."

"Unaona? Mbuzi wangu akijikuna sikurupuki kusema ni utitiri. Nauliza kwanza kajisugua wapi. Nimefanya kazi kwenye tanuri la pareto miaka kumi na mmoja, na kila msimu nilimwona mmoja au wawili ambao ua lile liliwakataa. Hawakumwambukiza mtu. Wewe umeitazama ngozi yake vizuri sana, ila hukuuliza mikono ilishika nini."

"Na mtoto je?" Subilaga akawa mkali. "Mtoto naye anachuma pareto?"

"Hapo umesema kweli. Kwa hiyo wake ni mwingine. Mwulize ulianza lini."

Safari hii Atuganile alimsubiri mama mkwe alete swali mlangoni. "Tangu ana miezi mitatu, mama. Ulianza mashavuni, ukahamia kwenye mikunjo. Ukipoa, unarudi."

Subilaga akalitua gunzi. Akaukunjua mkono wa Lusajo juani, akautazama, na safari hii hakuwa na haraka. Akaona kiwiko kingine, cha miaka ishirini na mitano nyuma: mzaliwa wake wa kwanza, ambaye yeye Subilaga alimfunga vitambaa mikononi asijichane, na mama yake mwenyewe akimpaka samli na kumwimbia.

"Lwitiko," akasema kwa sauti ndogo. "Huu ni ukurutu wa Lwitiko. Nimeusahauje?"

Aliingia jikoni, akamweka mtoto kifuani kwa mama yake.

Mikono ilipona baadaye. Atuganile hakuchuma tena pareto, akapewa kazi ya maharagwe na kukamua ng'ombe, na mganga wa zahanati akampa dawa laini ya kupaka. Lusajo akawa anaogeshwa maji ya vuguvugu bila kusuguliwa, anapakwa mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukurutu wake ulikuja na kuondoka, ukaja na kuondoka, mpaka alipokuwa mkubwa wa kukimbiza ndama. Lakini methali haikungoja kupona kwa mtu. Ilizaliwa Jumamosi ileile, asubuhi, dada yake Subilaga alipofika kutoka Tukuyu na kanga mpya ya kumbebea mtoto.

"Haya, yuko wapi huyo wa upele nimchukue?" akauliza kabla hata ya kukaa.

Subilaga akasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, akauziba wote.

"Keti kwanza unywe chai, dada. Mtoto ananyonya, haendi popote. Na siku nyingine usitaje upele kabla hujauliza mkono ulishika nini."